Aliyesema ni Treni

Chita, Bonde la Kilombero,
kupitia Ifakara.

Kwa mama yangu mzazi,

Shikamoo mayu. Pokea na shikamoo ya Kabula, aliyekaa hapa ubavuni pangu ananivuta kiwiko na kuuliza kama bibi yake ataisikia sauti yake kwenye karatasi. Nimemwambia ataisikia, basi ameinama akapiga kelele mpaka mate yamedondoka. Hilo doa la juu ni lake.

Mgongo unaendeleaje? Mvua mlipata? Nasikia pamba ya mwaka huu imefunguka vizuri kwa upande wa kwetu, nikafurahi, halafu nikasikia jingine furaha ikakatika. Natamani niandike kama ilivyo desturi, kwamba sisi huku ni wazima na hofu ni kwenu tu. Lakini safari hii hofu ni yangu mimi, na inatoka kwenu, inakuja huku.

Limi, mdogo wangu, najua wewe ndiye unayesoma. Msomee mama taratibu. Usiruke kitu, hata pale utakapoona pabaya. Na kabla hujaendelea, mwite kaka Luhende aache anachofanya, aje akae chini asikilize kwa masikio yake. Kama yuko kwenye pamba, mfuate huko huko.

Mayu, Jumamosi mzee Ngassa, yule mnunuzi wa ng'ombe aliyewaleteeni habari ya msiba wetu, alishuka tena kwenye treni hapa Chita. Nilikuwa stesheni nauzia abiria maziwa mgando. Akaninunulia kikombe, akakishika bila kunywa.

"Minza, kaka yako amenituma," akasema. "Pamba ikishauzwa anakuja. Yeye na wenzake wawili."

"Karibuni sana," nikamwambia. "Wanakuja kutupa pole?"

"Wanakuja kumaliza shauri. Mama yako ameenda kwa mganga. Mganga amewaonyesha."

"Amewaonyesha nini?"

Akatazama huku na huku, akainama. "Mwenye macho mekundu. Yule aliyesema kaa, ni treni."

Kibuyu kilinitoka mkononi mayu. Maziwa yote yakaenda kwenye kokoto za reli, na wale vijana wanaouza ndizi wakanicheka, "Mama Kabula leo anainywesha reli!" Nilikuwa naona mlango wa Bibi Holo.

Unamkumbuka Bibi Holo, mfinyanzi, aliyekuwa akitupa vile vyungu vidogo vya kuchezea. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi, kama ya wanawake wote waliozeeka jikoni kule kwetu, maana kuni hakuna. Mimi nilikuwa bado nasoma. Asubuhi tulipokwenda kuchota maji tukakuta mlango wake umelala chini na watu wamesimama mbali na damu ya kizingitini. Wewe ulinifunika uso kwa kanga yako. Ukaniambia, "Usiulize." Nami sikuuliza, nikakua, nikaolewa, nikahamia huku bila kuuliza. Sasa ndiyo nauliza mayu. Bibi Holo alifanya nini? Na mama mkwe wangu amefanya nini?

Nijibu mwenyewe kuhusu huyu wa pili, maana nilikuwepo, na mganga wenu hakuwepo.

Tulipofika bonde hili na ng'ombe, mume wangu Masanja alisema hatutakaa ndani kabisa mbugani pamoja na wenzetu, tutakaa karibu na reli, ili niuze maziwa kwa abiria na yeye ajenge nyumba ya kudumu. Nyuma yetu kuna mlima mrefu umesimama kama ukuta, kilele chake hukioni kwa mawingu, na mbele ni bonde tambarare, maji na mpunga mpaka macho yachoke. Reli inapita katikati, miguuni pa mlima. Treni la mzigo likipita, mayu, nyumba nzima inatikisika. Vikombe vinagongana, maji ya mtungini yanacheza, vumbi linashuka kwenye dari. La abiria ni jepesi kidogo, lakini la mzigo linaingia mpaka kwenye meno.

Mara ya kwanza mama mkwe kulisikia, alikuwa anachambua mchele. Aliacha ungo hewani akakimbia, akavuka shamba la watu, akaingia kwenye matete mpaka kiunoni, anaita majina ya babu zake wote. Tulicheka mayu. Mwanawe alicheka, mimi nilicheka, majirani Wandamba walicheka wakashika mbavu. Mama Kristina, jirani yetu, alimpa jina, Bibi Treni. Kwa miezi na miezi, likipita treni mtu anamwita, "Bibi Treni, matete hayo!" Watoto wakaigiza anavyokimbia. Lakini niliona, siku zilivyokwenda, treni likipita mama mkwe alikuwa anakaza shingo, anaendelea na kazi yake, hata macho hainui. Sisi ndio tuliomfundisha kukaa.

Nyumba Masanja aliijenga kweli. Matofali ya kuchoma, bati, ukuta wa upande umepanda juu kwa pembetatu kama wa nyumba za mjini. Saruji haikutosha, akaunganisha matofali kwa tope la mfinyanzi, kama wanavyofanya wengi huku. Ilipendeza. Nilikuandikia wakati ule, nikajisifu.

Siku yenyewe ilikuwa adhuhuri. Kabula alikuwa kwa Mama Kristina anafukuza ndege kwenye mpunga ulioanikwa. Mayunga wangu amelala ndani, chini ya ule ukuta wa pembetatu, kwa sababu ndipo penye ubaridi. Nilipomleta kwenu umwone alikuwa hajaota jino. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kigoda. Tulimwita Mayunga kwa sababu alizaliwa katika kuhama kwetu, na mimi nilifikiri akishapata jina la kutangatanga, basi yeye atatulia.

Mimi na mama mkwe tulikuwa tumekaa nje tunatwanga karanga. Ikaanza kwa sauti ya chini, ile ile. Maji ya kwenye ndoo yakacheza. Nikaweka mchi chini, nikainuka nusu.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Kumtazama mtoto."

"Kaa. Ni treni la mzigo. Utamwamsha bure, halafu nani atatwanga?"

Nikakaa. Mayu, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkwe akisema kaa, unakaa. Sikumbishia. Na sikuwa na wazo la kumbishia, kwa sababu hata mimi masikioni mwangu ilikuwa treni. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa. Mama Kristina aliniambia baadaye kwamba naye aliwaambia wanawe, "Treni hilo." Mwenye duka alishika chupa zake zisianguke, akangoja lipite. Kokote kwingine duniani ardhi ikitikisika watu wanakimbia nje. Sisi wa hapa relini ndio peke yetu tuliongoja lipite.

Tulichokosa kusikia ni honi. Treni hupiga honi kabla ya kivuko. Siku ile haikulia honi, na hatukusikia kwamba haikulia.

Halafu ikaja ya pili kwa nguvu, ya kutupa mtu. Kinu kililala. Ng'ombe walipiga kelele wakavunja zizi, na Masanja, aliyekuwa amepumzika upenuni, alikimbilia zizini. Alikimbilia ng'ombe mayu. Ameniambia mguu wake ulikwenda wenyewe, tangu utoto kishindo chochote maana yake ng'ombe. Namwamini. Lakini bado namwona mgongo anakimbia upande ule.

Ukuta ulishuka wote pamoja, kwa ndani.

Aliyefika wa kwanza kwenye yale matofali alikuwa mama mkwe wangu. Yeye alikuwa amekwisha kupiga magoti anachimba kwa mikono, anatupa matofali nyuma kama mbwa anavyochimba, na matofali mengine yanaendelea kuanguka yanampiga mgongoni, haachi. Watu walipokuja na majembe kucha zake mbili zilikuwa zimeng'oka. Ndiye aliyemtoa. Alimtoa akiwa mzima mwili wote, hana hata mkwaruzo usoni, vumbi tu, na tayari hayupo.

Haya yote nilimweleza Ngassa alipopita safari ya kwanza, nikiwa nalia, awaleteeni. Nilimwambia, "Alisema kaa, ni treni." Nilisema kwa uchungu, nilitaka mtu mmoja duniani ajue. Maneno yangu yakafika kwako, wewe ukayapeleka kwa mganga, na mganga akayarudisha kwako kana kwamba ameyaona kwenye matumbo ya kuku. Ameona nini? Macho mekundu nilikuwa nimekwisha kumtajia Ngassa, kwamba mama mkwe analia mpaka macho yamekuwa damu. Kwa mbuzi wetu amewauzia maneno yangu mimi mwenyewe mayu! Uganga wa hivyo hata Kabula angeuweza.

Ngassa ananiambia umesema hivi, "Kwetu ardhi haijatetemeka tangu nizaliwe. Kama huko imetetemeka, kuna mtu ameitetemesha." Sasa hapo ndipo ninapotaka usikilize vizuri, na kaka asikilize, kwa sababu jibu lipo, na nimelipata kwa mtu anayelijua.

Baada ya msiba walikuja wapimaji, kwa gari, kutoka Dar es Salaam. Mzee mmoja wa miwani na binti mmoja wa chuo, Rehema, umri wangu mimi, hana mtoto. Walifukia sanduku la chuma nyuma ya stesheni, wakasema linasikiliza ardhi. Walikuwa wananunua maziwa kwangu, na Rehema akawa anakaa jikoni kwetu kungoja yachemke. Siku ya kwanza Mama Kristina alikuja na maneno yake.

"Dada mpimaji, andika hapo ni hawa Wasukuma. Wamejaza ng'ombe mpaka bonde limepinda mgongo!"

"Na ninyi na ngoma zenu za mavuno?" Masanja akamjibu. "Mnakanyaga ardhi usiku kucha, sisi tumelala."

Rehema akacheka. "Ng'ombe wote wa Tanzania wakiruka siku moja, na Wandamba wote wakicheza siku hiyo hiyo, mlima ule hautajua."

Kisha akanionyesha sufuria. Maziwa yalikuwa yanachemka, juu yameshika utando. Akasema, unaona utando unavyokaa kama kitu kimoja, halafu joto la chini linausukuma, unachanika vipande, kipande hiki kinakwenda huku, kile kule? Dunia ndivyo ilivyo. Tunapokanyaga ni utando, mgumu, wa mwamba, na chini yake kuna joto kubwa mno. Utando wenyewe umechanika vipande vikubwa kuliko nchi, vimebeba mashamba na bahari juu yake, na havijawahi kusimama. Vinakwenda polepole kama kucha inavyoota. Leo huoni, kesho huoni.

Nikamuuliza vinakwenda wapi. Akasema inategemea. Kuna mahali viwili vinakutana vichwa kama mafahali, hakuna anayerudi nyuma, basi ardhi inajikunja kwenda juu inakuwa milima. Kuna mahali kimoja kinainama na kuingia chini ya mwenzake, kama mkeka unaosukumwa chini ya mkeka, kinazama huko kwenye joto. Kuna vinavyopitana kwa ubavu, vinasuguana, kama ng'ombe wawili wanaong'ang'ania mlango mmoja wa zizi. Na kuna vinavyoachana. Sisi hapa, akasema, tuko penye kuachana. Afrika inachanika mayu. Upande wa baharini unavutwa huku, upande wa bara unabaki kule, na bonde hili la Kilombero ni kipande kilichokatika katikati kikazama, mlima ukabaki umesimama pembeni. Ndiyo maana umekaa kama ukuta. Nyumba yetu iko mshononi.

Mimi nikabisha. Nikasema ikiwa vinakwenda polepole kama kucha, mbona mwanangu alikufa kwa ghafla?

Hapo akafikiri, akatafuta maneno, akayakosa. Aliyeyapata ni mimi. Mayu, unakumbuka plau la baba likinasa kwenye kisiki? Ng'ombe wanavuta, mnyororo unakaza, plau halisogei, baba anapiga mluzi, ng'ombe wanazidi kuvuta. Ukitazama unaona kila kitu kimetulia. Hakijatulia, nguvu zote ziko kwenye mnyororo. Halafu mzizi unakatika, na plau linaruka mbele, na yeyote aliyelishika anaanguka kifudifudi. Ndivyo baba alivyovunjika jino. Nilimweleza Rehema hivyo, akapiga makofi, akasema ndiyo, ndiyo hasa! Mwamba unavutwa lakini umenasa kwa mwenzake. Unavutwa tangu kabla ya babu wa babu. Siku unapoachia, unaachia mara moja, na kishindo chake ndicho kilichotupiga.

Sasa niambie, mayu. Mzizi ukikatika, ni nani amemloga baba jino?

Na kwetu je, mbona hakutikisiki? Nilimuuliza hilo pia, kwa ajili yako, hata kabla Ngassa hajaja. Akaniuliza kwetu kukoje. Nikamweleza yale mawe makubwa yaliyopangana juu ya vilima, tuliyokuwa tunachezea. Akasema ule ni mwamba wa kale mno, mgumu, mnene kwenda chini sana. Ule mchaniko ulipofika hapo ulishindwa kuupasua, ukagawanyika, mkono mmoja ukapita mashariki, mwingine magharibi, ikauacha katikati. Kama donge kwenye uji. Umekaa juu ya donge mayu. Umekaa vizuri, nami nafurahi. Lakini aliyekaa vizuri asiseme kwamba anayetikiswa amelogwa.

Nakueleza na hili, ndilo lililonifanya nimwamini yule binti. Mama mkwe wangu alikuwa anatusikiliza siku zote hizo, kwenye kona yake ya moto. Siku moja akauliza.

"Binti, nani anavuta?"

"Joto, bibi. Joto lililo chini."

"Nani amelikoka?"

"Hilo sikulisomea, bibi."

"Na sanduku lako linajua itakuja tena lini?"

"Halijui. Hata mimi sijui. Inaweza kuja wiki hii, inaweza isije mpaka Kabula awe na wajukuu."

Mama mkwe akageuza kuni. Halafu akauliza lile ambalo mimi nimelibeba tangu siku ile, sijathubutu kulitoa mdomoni.

"Ningesema tokeni, angetoka?"

Yule binti angeweza kumdanganya ili ampoze. Sote tulikuwa tunamtazama. Akasema, "Sijui, bibi. Labda." Machozi yakamtoka yeye mwenyewe. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, akainuka, akaenda kuwatazama ndama.

Mganga wenu anajua kila kitu mambo yakishatokea. Huyu amesoma miaka yote hiyo, akasema sijui mara tatu jikoni kwangu. Ndiye niliyemwamini.

Nisikilize sasa mayu, usije ukafikiri namtetea kwa sababu nampenda. Simpendi. Siku nyingine nikimwona anakula, nauliza moyoni chakula kinapitaje. Neno lile "kaa" lipo masikioni mwangu nikitwanga, nikikamua, nikimwogesha Kabula. Hatujazungumza mengi tangu tuzike. Ananiwekea maji ya kuoga, namwambia ahsante, basi. Sijui kama nitamsamehe, na sitaki mtu anihimize. Lakini uchungu wangu ni mali yangu, mimi na yeye. Sijamtuma mtu aje na panga kuumaliza. Na ukishamwua huyu, mimi nitamdai nani mwanangu? Nitaidai ardhi?

Kaka Luhende, shikamoo. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni tukivuka mto kwenda shule, nakuheshimu, na ndiyo maana nasema nawe bila kuficha. Ukija na wenzako wawili utanikuta mimi kwanza. Tangu Jumamosi nimehamisha mkeka wangu, mimi na Kabula tunalala kwenye kibanda cha mama mkwe, na mimi ndiye niliye mlangoni. Yeye hajui kwa nini. Anafikiri nimeanza kulainika, jana amenitandikia ngozi yake nzuri. Masanja naye sijamwambia, kwa sababu nikimwambia atakungoja stesheni na mkuki, na nitabaki mjane au bila kaka, au vyote. Unaona unachonifanyia? Umetoka kunilipizia kisasi, na mimi ndiye ninayekesha.

Lakini kama unataka kuja, njoo, kaka yangu. Njoo na shoka. Tunajenga upya. Masanja alitaka kuyarudisha matofali yale yale, kwa fahari, nikamwambia mimi na mwanangu hatutalala chini yake hata siku moja. Tuligombana. Akaniambia basi rudi kwenu. Nikamwambia nionyeshe treni. Mwisho yule mzee wa miwani ndiye aliyemtuliza, akamwambia kwa mahali hapa nyumba nyepesi ndiyo nyumba ya mwenye akili, nguzo zilizofungwa vizuri, kuta za fito na matete, kama ya Mama Kristina, ambayo siku ile iliyumba kama mlevi ikasimama tena. Masanja amenuna, lakini jana nimemwona anachagua miti. Tunahitaji mtu anayejua kufunga paa, na kwetu hakuna anayekushinda. Kabula anataka dirisha la kutazama treni. Mwakani ataanza shule, nami nimeweka nia asome mpaka ajue hata hilo ambalo Rehema hakulisomea. Na mimi, mayu, sijamwambia mtu, lakini naona kama mwezi umenipita. Labda ni huzuni tu. Labda siyo.

Mzee Ngassa anapanda treni kesho, ndiye mwenye barua hii, na ameniapia ataikabidhi mkononi mwako kabla hajaenda mnadani. Akirudi, nipe jibu moja tu. Sitaki kanga, sitaki dawa. Nataka neno la Luhende, kwa mdomo wake, kwamba hatamgusa. Mpaka nilipate, nalala mlangoni.

Nisalimie baba mdogo anayechunga fahali wetu, na shangazi wa vikapu, mwambie kile alichonipa ndicho ninachobebea vibuyu. Msalimie mke wa kaka, mwenye mtoto mchanga, ambusu kwa niaba yangu, amlaze popote panapompendeza, ninyi kwenu ardhi imetulia. Msalimie mwalimu aliyenifundisha kusoma. Limi, ahsante kwa kusoma. Kama umelia, futa uso, urudie tena pale pa plau, kaka asikie vizuri.

Nilikuwa nimefika hapo nikitaka kuweka jina langu, mama mkwe akaja, akasimama, akaitazama karatasi kama mtu anayetazama mto asioujua kina. Akaniuliza kama namwandikia mkwe mwenzake. Nikasema ndiyo. Akakaa chini, mikono yake kwenye mapaja, vile vidole viwili bado vimefungwa kitambaa.

"Mwambie nampa shikamoo, ingawa tunalingana," akasema. "Mwambie mjukuu wetu nilimtoa kwa mikono yangu, hakuchafuka uso. Na mwambie aje. Hapa wote wamemaliza kulia, wananiangalia tu. Nataka mama mwenzangu tulie naye."

Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza neno. Ananiuliza kama nimeandika pale pa kulia, nikamsomea. Sasa amekaa anangoja, mayu, kana kwamba utajibu leo hii.

Mimi mwanao,
Minza, mama wa Kabula na Mayunga.